Guka (babu) wangu hakuwa mtu wa maana kwa vitabu, lakini tarehe zake zimekataa kuingiana (uzi mrefu, weka chai)

Mjukuu wa Fundi:

Wasee habari zenu. Hii kitu nimeiandika na kuifuta tangu Disemba, leo naiweka hivyo hivyo.

Shosho (nyanya) alituacha mwaka jana na tulipokuwa tunatoa vitu kwa nyumba yake kule Murang'a tukapata mkebe wa biskuti chini ya kitanda, umefungwa na mpira wa baiskeli. Ankol mmoja alitaka kuuchoma pamoja na magodoro. Nikamwambia ngoja kwanza. Ndani kulikuwa na risiti za kodi, kadi ya ubatizo, picha moja, karatasi ya guka kuachiliwa kizuizini mwaka 1957, na kile kikebe kidogo cha chuma cha kuvaa shingoni. Kipande, kile kitambulisho cha enzi za wakoloni. Mimi nilikuwa nimekisikia tu shuleni, sijawahi kukishika.

Kwa wale hawajui, kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimishwa kubeba hiyo kitu. Sheria ilipitishwa 1915 lakini ikaanza kuuma baada ya Vita Kuu, 1919 na 1920 hivi. Shosho aliiita mbugi, yaani ile kengele ya mbuzi. Karatasi ya ndani imekunjwa mara nyingi hadi kwenye mikunjo unaona mwanga. Alama za vidole ziko, nyeusi, na moja ina kovu linapita katikati. Nilikaa na hilo kovu kitambo, juu mathe alithibitisha kwamba guka alijikata na panga akichunga mbuzi akiwa mdogo na hicho kidole kilikuwa kimekauka kidogo. Mimi nilikuwa na miaka sita guka akifa, namkumbuka kwa harufu ya ugoro tu, sasa hapa ni kama amenipa mkono.

Tuendelee. Kipande ni cha 1929 na kinasema ana miaka kama 16. Guka mwenyewe alikuwa akisema alitahiriwa wakati wa nzige, na nzige wa ile miaka waliingia Kenya 1928 wakasumbua hadi 1931. Kwa hivyo alizaliwa kama 1913. Kaburi lake linasema 1905. Hiyo ni kazi ya ankol yule yule wa kuchoma mkebe, alitaka mzee aonekane alikula chumvi nyingi.

Kazi ya kwanza, kahawa upande wa Ruiru, shilingi 8 kwa mwezi. Kodi wakati huo ilikuwa shilingi 12 kwa mwaka (iliwahi kuwa 16, wakaipunguza 1922 baada ya ile kelele ya kina Harry Thuku na watu kupigwa risasi nje ya kituo cha polisi, hapo karibu na hoteli ya Norfolk). Piga hesabu: mwezi mmoja na nusu wa mwaka anamlimia Mzungu kahawa ili apate ya kumpa serikali, na bado hajala.

Halafu anaingia Nairobi, jikoni kwa Mzungu. Hapo kuna laini moja kwa kipande ina tarehe ya kuingia lakini ya kutoka hakuna, sahihi hakuna. Mathe ndiye alinieleza. Mwajiri akikataa kukusainia, kwa karatasi wewe bado ni wake, ukienda kwingine ni mtoro na unaweza fungwa. Guka aliwahi simulia alirudi kwa huyo mama Mzungu mara tatu kuomba sahihi, mara ya tatu mbwa wakafunguliwa. Kazi inayofuata kwenye karatasi iko miezi saba baadaye. Hiyo miezi saba aliishi wapi na kula nini, kipande hakisemi. Alilala Pangani, sio hii ya leo, ile ya zamani ambayo serikali ilibomoa mwishoni mwa miaka ya 30 na watu wakasukumwa Shauri Moyo.

1938 akaingia reli. Dereva wa treni. Akapewa chumba kwa landhi za Muthurwa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na humo ndimo tunaanza kuongea kuhusu shida yangu.

Shosho alikuwa akisema hivi kila mara, bila kubadilisha neno: walimchukua Jumamosi baada ya Pasaka, alikuwa na viatu vya kazi. Nimeangalia kalenda. Pasaka ya 1954 ilikuwa tarehe 18 Aprili. Jumamosi iliyofuata ni 24 Aprili 1954, siku ambayo Operesheni Anvil ilianza, ule msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, askari kama 25,000 wakazingira Nairobi alfajiri na kukusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Sikuwa nimewahi kuunganisha hizo mbili. Akapitishwa Langata, akaishia kambi ya kizuizini ya Manyani, akarudi 1957.

Sasa, anti yangu, mdogo wa mathe, cheti chake kinasema alizaliwa 1956.

Mmeona? Familia nzima imeona miaka yote, ni vile tu haisemwi. Inasemwa kwa mambo ya shamba peke yake. Tulipokaa kugawana, ankol alisema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu alisikia, "huyo si damu ya mzee". Anti alikuwa hapo anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

Nilitaka tu kujua maisha ya guka. Sikuwa natafuta hii.

Bei_ya_Jioni:

Bro na heshima zote, waliokufa wamekufa. Hizi hesabu zitakulipia rent? Gawaneni shamba muende.

Mjukuu wa Fundi:

@Bei_ya_Jioni hazitalipa. Lakini anti yuko hai, ndio maana.

Mzee wa Stimu:

Kijana, pole kwa shosho. Nimefanya kazi reli kutoka 1971 hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na baadaye. Nikurekebishe kitu kimoja. Guka wako hakuwa dereva 1938. Nani amekuambia hiyo? Udereva siku hizo ulikuwa wa Wazungu na Wahindi. Mwafrika alianza klina: unaosha injini na mafuta ya taa, unatoa majivu, unaingia ndani ya sanduku la moto lingali na joto. Ukibahatika unapanda kuwa faimani, ule wa kusukumia moto makaa au kuni. Angalia tena risiti au kipande, kazi imeandikwaje?

Halafu kitu kingine ambacho labda hujafikiria. Manyani iko kando ya reli ya Mombasa, Mackinnon Road pia. Wale wa Anvil wengi walipelekwa huko na treni. Kwa hivyo ikiwa mzee alikuwa wa karakana ya Nairobi, kuna uwezekano alisafirishwa na injini ambayo yeye mwenyewe aliiosha wiki hiyo. Nilifanya kazi na wazee wawili waliopitia hapo, mmoja alikuwa akituambia alitambua sauti ya injini kabla hajaiona.

Mjukuu wa Fundi:

Mzee shikamoo na asante. Nimerudi kwa kipande na umesema ukweli, imeandikwa klina. Udereva ni wa familia, tumeambiwa hivyo tangu utoto na hata kwa matanga yake ilisomwa. Basi.

Kariokor Damu:

Wewe una bahati una karatasi. Babu ya babangu alitoka Machakos 1917 wakati wa ule mkusanyo mkubwa wa wapagazi, akabeba mizigo ya jeshi hadi huko Tanganyika wakimkimbiza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Vita ya Kwanza, na hakurudi. Hakuna kipande, kaburi hakuna, tarehe hakuna. Tunachojua ni kwamba alikuwa na mke mmoja na ng'ombe wawili, na kwamba waliokuja kumchukua walikuwa na chifu.

Mtaa wangu jina limetoka hapo, Carrier Corps, kikosi cha hao wapagazi, watu wakalitafuna likawa Kariokor, kama vile Dar walivyopata Kariakoo. Kila siku nikipita Kenyatta Avenue ile sanamu ya watu watatu namwangalia yule mpagazi. Pale chini wamewaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Sawa. Miguu na mikono haina jina. 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakubali kuna angalau watu 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, ambao hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Niliisoma nikiwa kwa matatu ya namba 6 nikashuka stage siyo yangu.

Otis wa Kalole:

@Kariokor Damu yetu ni ya vita ya pili. Ndugu ya kwaru (babu) alikuwa kwa mizinga, Field Regiment ya 301, meli yao Khedive Ismail ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives. Watu karibu 1,300 walienda na maji. Nyumbani waliambiwa tu "amepotea baharini" na dani, mamake, aliendelea kumwekea chakula hadi tukapata uhuru. Jina lake liko kwa ukuta pale makaburi ya vita Ngong Road, nimeligusa. Angalau.

Mjukuu, weka hiyo picha tuone.

Mjukuu wa Fundi:

Nimeiweka hapo juu. Guka ndiye wa kofia, na huyo mtoto mbele yake ni anti. Nyuma yao ni injini ya treni, zaidi ya hiyo hakuna kitu cha maana. Mathe amekuwa akisema ni picha ya kabla ya kizuizini, 1953 hivi, lakini anti hawezi kuwa mkubwa hivyo 1953, kwa hivyo sielewi. Nyuma ya karatasi kuna muhuri wa studio umefutika, naona tu kama 19 halafu 0 mwishoni.

Mzee wa Stimu:

Zuumu kwa injini kijana. Bega la mzee limeficha namba lakini 59 inaonekana wazi. Hiyo ni injini ya mvuke ya Garratt, daraja la 59, wenyewe tulikuwa tunawaita kwa majina ya milima maana kila moja ilikuwa na jina la mlima, zilikuwa 34. Moja iko pale makumbusho ya reli ukitaka kuigusa, Mount Gelai. Hizo zilianza kuja 1955. Hakuna 59 yoyote Nairobi mwaka 1953. Mathe amekosea, picha ni baada ya mzee kutoka. Na kama muhuri unaishia na 0, basi 1960. Inaingiana pia, hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, Wakikuyu wakaanza kuja Nairobi bila yale mambo ya pasi.

Mama Zawadi:

Samahani mimi si mtu wa treni, nina watoto watatu tu. Huyo msichana ana PENGO.

Angalieni mdomo. Anacheka, meno mawili ya mbele juu hayapo, na jino jipya limeanza kuchomoza upande mmoja lina kona kali. Meno ya utotoni ya mbele yanang'oka miaka sita, saba. Wa kwangu wa mwisho yuko hivyo sai. Mtoto wa 1956 angekuwa na miaka minne hapo, meno yote ndani. Huyo kama ni 1960 amezaliwa 1953, ikizidi sana mapema 1954.

Otis wa Kalole:

Maze. Mama Zawadi.

Kariokor Damu:

Nimerudi kuangalia mara tatu. Pengo liko.

Bei_ya_Jioni:

Sawa lakini anaweza kuwa aliangukia jiwe. Mtoto wa mlango wa pili kwangu aling'olewa na mlango wa choo akiwa na mitatu.

Mama Zawadi:

Na hilo jipya linalotoka liliangukia nini @Bei?

Mjukuu wa Fundi:

Nimeshindwa kulala. Jumamosi nimeenda Murang'a, nimerudi jana.

Dada mdogo wa shosho bado yuko, yeye huhesabu kama 90, macho yameisha lakini kichwa ni sawa kuliko changu. Sikumuuliza tarehe. Hapa nimejifunza, ukimuuliza mzee "mwaka gani" anakupa mwaka wa kukuridhisha. Nilimuuliza, mlipohamishwa kwa kijiji, dadako alikuwa amebeba nini?

Wale hamjui, kuanzia katikati ya 1954 serikali iliwatoa watu kwenye boma zao ikawapanga kwenye vijiji vyenye ua na mtaro, zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya 800, na nyumba za zamani zikachomwa. Icagi, yaani vijiji kwa Kikuyu. Hilo gichagi ambalo sisi Nairobi tunasema tukimaanisha ushago tukienda Krismasi, wao wakilisikia wanaona mtaro. Nilipitia ripoti za mwaka za wilaya ya Fort Hall (Murang'a ya leo) kabla ya kwenda, pale Moi Avenue kwa nyaraka za taifa, kumejaa mita za mitaro iliyochimbwa na hesabu ya nyumba. Guka hayumo humo wala shosho. Mtaro wao umo.

Shosho mdogo akasema (alisema Kikuyu, mimi naweka Kiswahili): "Tulichimba kutoka asubuhi. Dadangu alikuwa na ule wa mgongoni na ule wa mkono. Wa mgongoni alikuwa mzito, anatembea lakini hatembei, ukimweka chini anakula udongo wa mtaro. Homgadi (askari wa kijiji wa serikali) mmoja alituambia tumwache kando, dadangu akakataa, akachimba naye."

Wa mkono ni mathe, 1950. Wa mgongoni ni anti. Anatembea lakini hatembei, hiyo ni mwaka mmoja na kitu. 1954. Alizaliwa 1953, guka akiwa Muthurwa analala na viatu vya kazi mlangoni.

Nikamuuliza basi 1956 imetoka wapi. Akacheka hadi akakohoa. Akainua mkono akaupitisha juu ya kichwa akashika sikio la upande wa pili. Mnajua hiyo. Ndio ilikuwa interview ya darasa la kwanza, mkono ukifika sikio unaingia. Anti hakuingia shule mapema juu karo ilikuwa ya mathe na ankol, kwa hivyo alianza 1963, ana miaka kumi, mkono wake ulikuwa unafika hadi shingoni. Mwalimu akamwangalia, darasa la kwanza ni miaka saba, akaandika 1956. Hiyo ndiyo ikaenda kwa kila cheti.

Ankol ametembea na hiyo 1956 miaka yote.

Kariokor Damu:

Sasa fanyeni DNA mumalize kabisa, zipige ankol mdomo.

Mjukuu wa Fundi:

Hapana. Na kwa sheria hata hiyo damu yake haikuwa hoja, mtoto ambaye mzee alimlea na kumkubali kama wake ni mtoto kwa urithi, hata wakili aliwaambia. Hii ya tarehe nilitaka mimi. Nikienda kupima mate ya anti ni kama pia mimi nilikuwa upande wa ankol.

Mzee wa Stimu:

Umefanya vizuri. Umemwambia yeye mwenyewe?

Mjukuu wa Fundi:

Nimetoka kwake sai, niko kwa gari.

Nilimpelekea picha nimeiprint kubwa, nikamwonyesha 59, nikamwonyesha pengo, nikamweleza mtaro, na mkono kwa sikio. Aliangalia hiyo picha muda mrefu sana. Akasema hilo jino alilimeza na andazi, guka alimnunulia siku hiyo ya kuja kumuonyesha injini, na alilia juu ya jino guka akamwambia litaota tumboni. Kisha akaniuliza, kwa hivyo mimi ni mkubwa kwa miaka mitatu? Nikasema ndio anti. Akanyamaza akihesabu na vidole.

Yeye alikuwa mwalimu. Kwa karatasi alistaafu na miaka 60, 2016.

"Kwa hivyo nimefundisha miaka mitatu nikiwa nimestaafu," akasema. "Na mshahara nikachukua." Akaenda kuweka chai, akarudi mlangoni na sufuria mkononi. "Usiandike hiyo kwa simu yako."

Samahani anti.

Mama Zawadi:

Ankol amesemaje?

Mjukuu wa Fundi:

Nimemtumia picha kwa WhatsApp. Tiki mbili za bluu tangu saa tisa.